Kipuli cha Ijumaa

Siku Kalunde Mihayo alipovishwa joho la Mshauri Bora wa Kodi, Bi Nyamizi Kasanda alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha, na hakuna kofi hata moja lililotoka moyoni. Tusidanganyane hapa. Mama yule aliyekaa mstari wa mbele, glasi ya tangawizi mkononi na tabasamu la kuazima usoni, alikuwa na kijicho.

"Bila mwalimu wangu nisingefika hapa," Kalunde alisema kwenye kipaza sauti. "Mwalimu, hebu simama watu wakuone."

Nyamizi akasimama, watu wakamwona. Binti mmoja nyuma yake akamuuliza jirani yake, wala hakujisumbua kunong'ona, "Ndiye nani huyo?"

"Yule wa madaftari," jirani akajibu. "Wa kabla ya vipuli."

Mungu wangu! Miaka ishirini na minne ya kuwasomesha washauri wa kodi wa Tabora nzima, halafu mtu unaitwa wa kabla ya vipuli, utadhani umefukuliwa na wachimba mitaro. Nyamizi akaketi. Kule jukwaani Kalunde aligeuka kumsalimia mgeni rasmi, na kipuli chake, kidogo kuliko punje ya mtama, kikametameta sikioni. Nyamizi, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, alikitazama kama mtoto anavyotazama andazi la mwenzake.

Kipuli hakikuwa pambo. Mwaka huo wa 2079 sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi ilikuwa haitungwi tena na watu wenye miwani. Zamani ilibadilika mara moja kwa mwaka, wakati wa bajeti. Ikaja kubadilika kila robo mwaka, kisha kila mwezi, na mwishowe kazi yote ikakabidhiwa Mtambo wa Viwango, uliopima bei ya unga, nauli, mvua na mishahara ya nchi nzima, na kila Ijumaa alfajiri ukatoa viwango vipya na nafuu mpya na kuziua zilizopitwa. Mara hamsini na mbili kwa mwaka! Mshauri wa kodi aliyelazwa wiki mbili kwa malaria alitoka hospitali hajui kazi yake.

Wakati huo ndipo Nyamizi alipohitajika. Kila Jumamosi washauri walijaa kwenye ukumbi wake wa Kanyenye, naye akiwasomea mabadiliko kwa sauti, kifungu kwa kifungu, wao wakiitikia kwa pamoja: nani anahusika, kiasi gani, kuanzia lini mpaka lini. Mmoja aliteuliwa kuwa karani wa siku na kuandika yote kwenye daftari kubwa. Hakuna aliyeruhusiwa kutaja kifungu bila tarehe zake. Ukisahau tarehe unasimama mpaka kipindi kiishe, uwe kijana au uwe na mvi.

Kisha Kampuni ya Sikio Jipya ikaleta kipuli. Unakivaa tu. Ijumaa alfajiri, wewe ukiwa bado unakoroma, kinapokea mabadiliko na kuyapenyeza kwenye kumbukumbu zako, na ukifika mezani kunywa chai unayajua kama unavyojua njia ya kwenda jikoni kwako. Na ili mapya yasigombane na ya zamani, kinayaondoa ya zamani. Kampuni ilijisifia hasa kwa hilo. Kichwa safi, hesabu safi, ndivyo matangazo yalivyosema, na waliovaa wakaapa kwamba ni raha tupu.

Nyamizi naye alijaribu, ila hilo hakumwambia mtu. Alikwenda Mwanza kimyakimya, akawaaga nyumbani kwamba anakwenda msibani, akatobolewa sikio. Siku ya tatu sikio likavimba, homa ikampanda, na mambo yakawa yale yale aliyoyajua jana. Fundi wa kampuni akamtazama kwenye kioo chake, akatikisa kichwa. "Mama, kichwa chako kinakataa kufutwa. Mambo yako yameshikana mno." Akarudishiwa fedha zake na bandeji juu. Tangu hapo baraza la Jumamosi lilipungua kutoka watu tisini mpaka watatu, na mmoja kati ya hao watatu alikuja kwa sababu ukumbi una feni.

*

Jumatano iliyofuata alikwenda ofisini kwa Kalunde kumpa hongera ana kwa ana, maana asiyekwenda kupongeza husemwa. Alibeba chupa ya asali ya nyuki wadogo. Njiani alijiambia mara tatu kwamba anampenda yule binti, na ilikuwa kweli. Alimfundisha tangu ana miaka ishirini na miwili na viatu vya kuazima. Ubaya wa wivu ndio huo, hauendi kwa mtu wa mbali.

"Shikamoo, mwalimu!" Kalunde aliruka kitini kumpokea. "Jamani, na asali! Karibu uketi, nimalizie na bibi hapa, dakika mbili tu."

"Marahaba, mwanangu. Endelea, endelea."

Bibi mwenyewe alikuwa Bi Havintishi Mlekwa, mkunga mstaafu wa miaka sabini na minane, mkoba mapajani, kanga ya juu imekunjwa vizuri begani. Alitaka kumwandikia mjukuu wake nyumba yake ya Isevya, na siku hizo hukuruhusiwa kumwandikia mtu nyumba kabla hujafunga miaka yako yote ya kodi, mmoja mmoja, kwa kiapo cha mshauri. Yake yote ilikuwa imefungwa isipokuwa 2068, mwaka aliostaafu na kupokea kiinua mgongo.

"Ndivyo sheria ilivyo, bibi," Kalunde alisema kwa upole. "Kiinua mgongo ni pato kama pato jingine, kinakatwa kodi. Na kwa kuwa hakikukatwa wakati ule, kuna faini ya miaka kumi na mmoja."

"Lakini mjukuu wangu, sisi wakunga wa vijijini tuliambiwa tumesamehewa."

"Nani aliwaambia?"

"Redio ilitangaza. Na mganga mkuu akaja kutusomea barua. Tulicheza ngoma siku ile mpaka mgonjwa mmoja akatoka wodini kutuangalia."

Kalunde akatabasamu. "Watu husema mengi, bibi yangu. Msamaha huo haujawahi kuwepo."

Chupa ya asali nusura imponyoke Nyamizi. Haujawahi kuwepo? Kifungu cha wakunga kilianza Julai 2066 na kufa Juni 2070. Mkunga aliyehudumu kijijini miaka ishirini na zaidi, kiinua mgongo chake kisiguswe hata senti. Alikifundisha yeye Nyamizi kwa mdomo wake mwenyewe. Na karani wa Jumamosi ile alikuwa nani kama si Kalunde huyu huyu? Tena aliposikia kifungu kile aliacha kalamu, akasimama katikati ya ukumbi, akapiga kigelegele, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa mkunga wa Ndala na alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Na nyumba?" bibi akauliza. "Itabaki?"

Kalunde alizisogeza karatasi kando. "Nitakuombea ulipe kidogo kidogo. Lakini nisikufiche, bibi. Deni ni kubwa kuliko nyumba. Itauzwa."

Bi Havintishi alifunga mkoba wake, akaufungua tena, akaufunga. "Basi, mama. Wewe ndiye uliyesoma."

"Ijumaa saa nne Dawati la Mapato, bibi, tukale kiapo. Nitakutumia gari."

Bibi akatoka akishika ukuta. Nyamizi alibaki kitini, kichwa kikikimbia. Mashine za Dawati la Mapato hazikuhifadhi sheria zilizokufa. Zilijua ya wiki hii tu. Kwa miaka ya nyuma neno la mwisho lilikuwa kiapo cha mshauri, na ndiyo sababu washauri walikuwa bado wanakula mkate wao. Mshauri akila kiapo kisicho kweli kikagongwa muhuri, hata kama hakujua, na mwenzake akaleta ushahidi, anavuliwa muhuri siku hiyo hiyo. Muhuri ukienda, joho nalo linakwenda.

Moyo wa Nyamizi uliruka. Na tuseme ukweli wote, uliruka kwa furaha.

"Una hakika na hilo la wakunga?" akauliza, sauti imetulia.

Kalunde alimtazama kwa lile tabasamu la kuwavumilia wazee. "Mwalimu wangu. Lingekuwepo ningelijua."

"Mama yako si alikuwa mkunga?"

"Alikuwa, ndiyo. Ndala." Vidole vya Kalunde vikapanda sikioni, vikakizungusha kipuli. "Ajabu, mwalimu. Tangu afariki nilikuwa namkumbuka wazi kabisa, siku hizi ananijia vipande vipande. Juzi tu nilikuwa namwaza..."

Akaanza kusimulia jambo. Nyamizi alikuwa anamtazama usoni na kutikisa kichwa panapostahili, lakini hakuwa naye. Alikuwa kwenye kabati lake, anahesabu madaftari. Daftari la kumi na tisa, au la ishirini? Aache kiapo kiliwe Ijumaa. Jumatatu apeleke daftari kwa Chama cha Washauri, na mwandiko wa Kalunde mwenyewe uwe shahidi. Watasema, kumbe wa kabla ya vipuli ndio wenye akili! Kuhusu bibi, nyumba itashikiliwa kwanza, shauri litasikilizwa, atarudishiwa. Mashauri yale yalichukua miaka mitatu na bibi alikuwa na sabini na minane, lakini hesabu hiyo Nyamizi hakuimalizia.

"...sivyo, mwalimu?"

"Ndivyo," Nyamizi akajibu. "Ndivyo kabisa."

Kalunde alipangusa jicho, akacheka kidogo kwa aibu. "Nina ombi. Ijumaa nataka uwe shahidi wangu wa kiapo. Kiapo changu cha kwanza tangu nivae joho, nisimamiwe na nani kama si wewe?"

Mwingine angelia. Nyamizi alisema, "Nitakuja."

*

Daftari lilikuwa la ishirini. Alhamisi alasiri alilikuta, akalipangusa vumbi, akaupata ukurasa, na mwandiko ulikuwa pale, wa mviringo, wa binti mwenye haraka. Pembeni Kalunde alikuwa amechora nyumba ndogo yenye mlango na dirisha na kuandika chini yake, *ya mama*. Nyamizi aliangalia kinyumba kile kwa muda, akageuza ukurasa ili asikione.

Katika kutafuta daftari aliangusha bahasha ya Mwanza, ile aliyopewa pamoja na kipuli kilichomkataa. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo ambayo hakuwahi kuisoma, kwa hasira. Sasa akaisoma, labda kwa kupoteza muda. Kipuli huondoa kifungu kilichopitwa, karatasi ilisema. Kifungu kikiwa kimeungana na kumbukumbu nyingine kwa hisia kali, uondoaji huweza kuendelea hatua kwa hatua katika masasisho yanayofuata. Kilichoondolewa hakirejeshwi. Kwa mashaka yoyote, mtumiaji avue kipuli kabla ya sasisho.

Akaisoma mara ya pili, miwani imemteremka puani. Vipande vipande, Kalunde alisema jana. Kigelegele kile ukumbini kilikuwa kimeishona sheria na mama mtu pamoja, na kipuli kilipoivuta sheria, mama naye alianza kuvutika. Kila Ijumaa kidogo. Na kesho ilikuwa Ijumaa.

Hapo ndugu msomaji usidhani Nyamizi ni shetani. Alichukua simu mara moja. Saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu ya paa za Kanyenye, akampigia.

"Mwalimu!" Nyuma ya Kalunde kulikuwa na sauti za watu na kicheko. "Niko na watu wa redio, wananihoji juu ya vipuli, tuko hewani baada ya dakika moja. Ni jambo la haraka?"

Sentensi moja tu ingetosha. Vua hicho kitu usilale nacho. Lakini neno lile, wananihoji, lilimwingia Nyamizi chini ya ukucha. Redio hiyo hiyo mwaka jana alikwenda mwenyewe kuwaomba dakika tano za baraza la Jumamosi, wakamweka kwenye benchi mapokezini mpaka akaondoka.

"Hapana," akasema. "Si la haraka."

"Basi nitakupigia, mwalimu wangu. Nikisahau unisamehe."

Nyamizi alingoja simu mpaka saa mbili. Haikuja. Na asubiri yeye sasa, akajiambia, akala ugali wake wote, akaosha sahani.

*

Dawati la Mapato lilikuwa jengo refu lenye ukumbi wa viapo chini, na Ijumaa hiyo ulijaa kuliko kawaida kwa ajili ya Kalunde. Mtangazaji wa redio alikuwepo na kinasa sauti chake. Bi Havintishi aliketi kwenye benchi la mbele na kanga mpya. Kalunde aliketi upande mmoja wake, Nyamizi upande wa pili, daftari la ishirini limo ndani ya mfuko wa sokoni miguuni. Kwa nini alilibeba, mwenyewe hakujua. Labda alitaka tu kuwa nalo karibu wakati muhuri unashuka.

Bibi aliushika mkono wa Kalunde, akaugeuza. "Vidole virefu. Ningekupata enzi zangu ningekufanya mkunga. Hivi kwenu hakuna mkunga?"

"Hakuna, bibi," Kalunde akajibu.

"Hata mama?"

"Mama alikuwa nyumbani tu. Hakuwahi kuajiriwa." Alilisema hilo kama mtu anayetaja saa, hana shaka, hana huzuni, akarudi kuzipanga karatasi zake.

 Nyamizi alimtazama binti yule aliyeamka asubuhi hiyo, akanywa chai yake, akavaa joho, na mama yake mzazi keshachukuliwa. Alitaka kumwambia mtu. Hapakuwa na wa kuambiwa, na karani alikuwa ameshaita jina.

Karani, bwana mmoja mfupi aitwaye Msabaha, alisoma kwa sauti ritani ya 2068, hesabu ya mapato ya bibi kwa mwaka ule. Kalunde akasimama, mkono wa kulia juu, akaapa kwamba kwa sheria ya mwaka ule kiinua mgongo cha Havintishi Mlekwa kilistahili kodi. Muhuri wake ukawekwa mezani. Kilichobaki kilikuwa desturi. Kabla muhuri haujagonga, shahidi huulizwa swali moja, na tangu Dawati lijengwe hakuna aliyewahi kulijibu ila kwa namna moja.

"Shahidi, kuna neno?"

Ulimi wa Nyamizi ulikuwa umeshajipanga kusema sina. Miaka mitatu ya kusemwa wa zamani ilikuwa inaishia hapo. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno. Akamwangalia Kalunde, na Kalunde akamtabasamia, tabasamu lile lile la viatu vya kuazima.

"Lipo," Nyamizi akasema.

Msabaha aliinua uso. "Samahani, mama?"

"Neno lipo. Kiapo hicho si kweli. Usigonge."

Ukumbi ukavuma. Kalunde akageuka, uso umemshuka. "Mwalimu, vipi tena?" Kisha, kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, "Mwalimu, usinifanyie hivi mbele za watu. Najua roho inakuuma."

"Inaniuma sana," Nyamizi akasema. "Lakini kifungu cha wakunga kilikuwepo." Akatoa daftari mfukoni, akalifungua juu ya meza ya kiapo. "Julai 2066 mpaka Juni 2070. Huu mwandiko ni wa nani?"

Kalunde aliinama. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili. Kidole chake kilifuata herufi, kikafika kwenye kile kinyumba pembeni, kikasimama. "Ni wangu," akasema. "Mwandiko ni wangu. Mimi sijaandika hivi."

Msabaha hakuwa mtu wa kubishana. Alituma mtu ghalani kwenye magazeti ya serikali ya karatasi, yale ambayo hakuna aliyeyafungua kwa miaka, na nusu saa baadaye mtu yule alirudi na utando wa buibui nywelani na toleo la Julai 2066 mkononi. Kifungu kilikuwepo, neno kwa neno kama daftari. Mwaka wa 2068 wa Bi Havintishi Mlekwa ukafungwa papo hapo, deni hakuna, faini hakuna. Bibi hakupiga kelele. Alimwinamia Nyamizi, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akamwambia, "Mwanangu, Mungu akuzidishie."

Kisha yakaja yote kwa mpigo. Makofi, na haya yalitoka moyoni. Mtangazaji akamgeuzia Kalunde mgongo, akasogeza kinasa sauti mdomoni kwa Nyamizi. Mwenyekiti wa Chama akapiga simu, akaamuru vipuli vyote vivuliwe mpaka uchunguzi ufanyike, akauliza kama Bi Nyamizi angekubali kuwafundisha washauri wa nchi nzima. Yule binti aliyeuliza ndiye nani huyo alikuwa pale mlangoni, anapanga foleni kumwamkia. Kila alichokitamani Nyamizi kwa miaka mitatu kilimwagwa miguuni pake kabla ya saa sita.

Kalunde alimngoja kwenye korido. Kipuli alikuwa ameshakivua, na sikio lilikuwa na tone la damu. "Nilikutukana mbele za watu," akasema, akapiga goti. "Nisamehe. Ungenyamaza leo, ningekuwa nimemuuza yule bibi kwa mdomo wangu. Umeniokoa, mwalimu."

"Inuka. Inuka, tafadhali."

Hakuna aliyejua. Hilo Nyamizi aliliona waziwazi. Jumatano na Alhamisi zilikuwa zake peke yake, na angeweza kuzibeba mpaka kaburini, akafundisha nchi nzima, akavaa joho. Alimwinua Kalunde, akamkalisha kwenye benchi la korido, akakaa naye.

"Mama yako alikuwa mkunga," akasema. "Ndala. Kile kinyumba ulikichora wewe, na siku ile ulipiga kigelegele kwa ajili yake. Kipuli kilipokitoa kifungu kilimvuta na yeye, kidogo kidogo, kila Ijumaa."

Kalunde alitikisa kichwa polepole. "Mama alikuwa nyumbani tu."

"Hapana, mwanangu."

"Basi atanirudia? Nimeshakivua."

"Karatasi yao inasema harudi." Nyamizi alimgeukia. "Nisikilize, nikisema nusu sitasema tena. Jumatano ulikuwa unaye. Tulikaa ofisini kwako ukanitajia Ndala mwenyewe. Nilijua Jumatano kwamba kifungu kimekutoka, nikafurahi. Alhamisi nikajua na mama anakwenda. Nilipokupigia nilitaka kukwambia uvue, ukaniambia unahojiwa, nikakuonea wivu, nikakata simu. Leo alfajiri ndipo amekwisha. Ningesema, ungekuwa naye."

Alingoja kofi. Alingoja mayowe, na angeyapokea kama haki yake. Kalunde alikaa mikono mapajani, akitazama ukuta wa mbele kama anayetafuta mlango. Alipogeuka macho yalikuwa makavu na makubwa.

"Jumatano nilimtaja?"

"Ulimtaja."

"Nilisema nini juu yake?"

Nyamizi akafungua mdomo. Mtu aliyeweza kutaja vifungu mia nne na tarehe zake bila kukohoa, ambaye kichwa chake kilishinda mashine ya Mwanza, alirudi Jumatano kuchukua maneno machache ya mtoto juu ya mama yake. Aliiona meza. Aliiona chupa ya asali, na vidole vikizungusha kipuli, na Kalunde akipangusa jicho. Aliona midomo inakwenda. Alisogea karibu, akasogea tena, na hakusikia kitu ila sauti yake mwenyewe ikihesabu madaftari.

"Mwalimu, lolote tu. Hata neno moja."

"Sikukusikiliza," Nyamizi akasema.